Picha ya Mtoto wa Ubatizo

Profesa Zisis aliingia ofisini kwangu na kahawa mbili mkononi, nikajua kuna jambo. Miaka yote tunafundisha ikolojia kwenye idara moja, hajawahi kuninunulia hata maji ya kunywa.

"Thomai, dada yangu," akasema, akisukuma mlango kwa kisigino. "Wizara imetupa nafasi ya mhadhiri. Moja tu. Nataka uniandikie tangazo."

"Wewe mikono imefanya nini?"

"Usianze. Wewe ndiye mwenye kalamu."

Mwenye kalamu! Maana yake alitaka picha. Kwetu Ugiriki tangazo la kazi likiandikwa kwa vipimo vya mtu mmoja tunaliita hivyo, picha. Kila anayelisoma anaona pua na masikio ya aliyeandaliwa kazi, na wenye akili zao hawajisumbui kuomba.

Wa kupigwa picha nilimjua hata kabla sijaonja kahawa. Alikuwa Argyris, mtoto wake wa ubatizo. Zisis ndiye aliyemshika mtoto yule kwenye maji ya kanisani, na kwetu ukishamshika umembeba moja kwa moja. Alimnunulia baiskeli, akamtafutia shule, akamsukuma mpaka akapata udaktari wa falsafa, na sasa alikuwa anamtafutia kiti. Argyris mwenyewe ni kijana mpole, mcheshi, fundi wa kupika maharage ya chunguni. Sayansi ilikuwa inampitia kando tu, na wala hakuikimbilia.

Mimi roho yangu ilikuwa kwa Vaia. Vaia alikuwa anafundisha nusu ya masomo yetu kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, kila Julai anafungasha vitabu vyake, kila Septemba anavifungua. Mwaka huo tuliambiwa mkataba hautaongezwa tena. Wanorwe walishamwita, na akikosa nafasi hii ataondoka, amwache mama yake mjane na magoti mabovu peke yake kwenye nyumba ya ngazi. Nimeshawaona wanaoondoka. Wanarudi Pasaka, wanakula mwanakondoo, wanalia uwanja wa ndege, basi.

Mama yake, Bibi Sultana, alikuwa ananikamata kila nikitoka kanisani. "Mwanangu akili anazo, Thomai, ila hana mtu. Bila mtu wa kumshika mkono, nchi hii utapata kazi wapi?" Nami nilikuwa naitikia kwa kichwa, maana ni kweli.

Basi, nikawasha kompyuta. "Haya, Profesa. Tunatafuta nani?"

"Mtaalamu wa ikolojia ya maziwa."

"Hao wamejaa tele. Yule bwana wa Krete mwenye makala lukuki ataomba."

Akashtuka. Bwana wa Krete alikuwa anamnyima usingizi. "Basi weka maziwa ya milimani. Weka salamanda. Argyris si ameandika juu ya salamanda?"

Ameandika! Hapo nusura kahawa inipalie. Salamanda wa milima yetu ni kijinyama cha mgongo wa buluu na tumbo la rangi ya chungwa, ukimwona utadhani mjusi aliyegombana na ndugu zake akahamia majini. Vaia amemfuata miaka na miaka kwenye viziwa vya juu kabisa. Na kila alipomaliza makala, Zisis alimwambia, "Mwongeze na mtoto jina lake, itamfaa." Akamwongeza, mwishoni. Kisha Zisis akifungua makala hiyo alitafuta jina moja tu, na akiliona alifunga. Kazi yenyewe hakuwahi kuisoma, na majina ya mbele hayakumhusu. Vaia kwake alikuwa yule binti wa kubeba ndoo.

Shetani akanipitia. Nami sikumfukuza.

"Salamanda tu hawatoshi," nikamwambia. "Wa Krete anaweza kujitia anawajua. Makala za Argyris zinasemaje? Hii hapa ni ya majira ya baridi, maziwa yakiwa yameganda."

"Weka! Weka majira ya baridi!"

"Chini ya barafu?"

"Weka na barafu!"

"Na hii ya kuzama, je? Mwombaji awe amezama mwenyewe chini ya barafu kukusanya data?"

Akapiga meza kwa furaha. "Thomai, wewe ni shetani!"

"Asante, Profesa."

Nikauma ulimi mpaka ukaniuma kweli. Kila alipokaza kamba kumzuia wa Krete, sura iliyotokea kwenye tangazo ilikuwa ya Vaia, mpaka buti zake. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na huyu nilikuwa nampokeza jembe.

Tangazo likatoka. Wa Krete alicheka, akasusa. Vaia naye akasusa.

"Mimi sichezi ngoma kwenye harusi ya watu," akaniambia, huku anafunga sanduku la vitabu. "Mji mzima unajua ile ni picha ya Argyris."

"Umeisoma?"

"Ya nini?"

"Isome, mwanangu. Taratibu. Halafu ukitaka kwenda kwa Wanorwe nenda."

Akaisoma amesimama. Alipofika kwenye barafu akaketi juu ya sanduku, akaanza kucheka, kicheko kikageuka machozi, akanitukana tusi moja zuri la kwao mlimani. Kesho yake akaomba.

Zisis alipoona jina lake alinijia. "Na huyu wa ndoo anataka nini?"

"Mazoezi tu, Profesa. Unamwogopa?"

"Mimi? Nimwogope Vaia?" Akaenda zake kuagiza keki za maziwa na shira sinia mbili, maana kwetu mwanao akipata cheo unawalisha watu vitamu, na yeye hakutaka kungoja.

Siku ya mahojiano ukumbi ulijaa. Kwetu yanafanyika hadharani, na mwenyekiti wa wapiga kura alitoka chuo kingine: Profesa Polyxeni, mama mkavu asiyejua kucheka bure. Keki zilikuwa mezani korido, zimefunikwa kitambaa, zinanukia mpaka ndani. Bibi Sultana alikaa nyuma karibu nami, rozari ya ushanga mkononi, hajui hata anamwombea mwanawe au anamlilia.

Argyris akaitwa kwanza. Akaeleza salamanda vizuri tu, maana kukariri anaweza. Polyxeni akavaa miwani.

"Tangazo linataka mtu aliyezama chini ya barafu. Hebu tuambie, ukiwa kule chini unajuaje pa kutokea?"

Argyris akamtazama baba yake wa ubatizo, akamtazama Vaia, akajikuna shingo.

"Sijui, Profesa. Mimi nilikuwa juu."

"Juu wapi?"

"Juu ya barafu. Nilikuwa nashika kamba. Aliyekuwa anazama ni Vaia."

Ukumbi ukaguna. Zisis akasimama haraka. "Mtoto ana haya! Anajishusha, ndivyo alivyolelewa!"

"Baba, sijishushi," Argyris akasema, kwa upole kabisa. "Hata kuogelea sijui. Si unakumbuka nilivyokunywa maji siku ya ubatizo? Tangu hapo nayaogopa."

Watu wakaangua kicheko. Mimi nilijificha nyuma ya mkoba wangu. Lakini Argyris hakucheka. Alinyoosha viganja mbele ya Polyxeni, na hata mimi niliona kovu la kila kiganja, refu, jeupe. "Mara moja barafu ilikatika, Vaia akavutwa chini na uzito wa vyombo. Kamba ilinichana. Hicho ndicho ninachokijua kuhusu salamanda, Profesa. Hicho na maharage."

Akaitwa Vaia. Polyxeni akamwuliza swali lilelile.

"Sijui pa kutokea," Vaia akajibu. "Chini kule kote ni kweupe, sawasawa. Nafuata kamba. Na mwenye kamba hajawahi kuiachia." Kisha akaeleza kazi yake, na kwa mara ya kwanza nikamwona Zisis akisikiliza makala zilizokuwa kwenye rafu yake miaka yote.

Kura kwetu hupigwa kwa sauti, mtu anataja jina na sababu. Zamu ikazunguka, Vaia, Vaia, Vaia, kwa mujibu wa tangazo. Ikamfikia Zisis. Akageuka kunitazama, nami nikatazama dari. Atasema nini, kwamba tangazo lake mwenyewe ni baya?

"Vaia," akasema, kama mtu anayeng'olewa jino. "Kwa mujibu wa tangazo."

Korido keki zilivamiwa. Argyris ndiye aliyezikata, akimpa kila mtu kipande, uso umemnawiri kama mfungwa aliyeachiwa. Zisis akanipitia, sahani mkononi.

"Ulijua."

"Niliandika ulichoniambia, Profesa. Kula, shira inamwagika."

Akala. Afanyeje, alishazilipia.

Bibi Sultana alikuja akijikokota, akamkumbatia bintiye, wakalia wote wawili, nami nikalia, sina aibu. Kisha kikongwe akajifuta, akatazama kushoto na kulia, akamnong'oneza kwa sauti iliyosikika korido nzima:

"Niambie sasa, mwanangu, nikamshukuru. Nani alikushika mkono? Maana lazima ulikuwa na mtu."

Vaia akamtazama Argyris, mikono imejaa shira mpaka kwenye makovu.

"Nilikuwa naye, mama," akasema. "Yule pale, anayekata keki."