Nyasi za Kuezekea Ulaya

Mimi, Pili binti Mwinjuma, sina subira na mjinga, na mjinga wa kwanza katika habari hii ni mume wangu mwenyewe. Boma la Morogoro lilipotulazimisha kulima pamba, Rehani alizichemsha mbegu, akazianika, kisha akazipanda kwa mistari iliyonyooka kuliko ya mtu yeyote mlimani kwetu. Zilipokataa kuota akasema ardhi ya Uluguru haipendi pamba. Angenyamaza hapo yangekwisha. Lakini kwenye ngoma moja alikunywa pombe, akamsimulia siri yake mtu aliyeketi naye, na mtu huyo alikuwa mpwa wa Akida.

Wakamtia mnyororoni pamoja na vijana wawili wa kwetu walioiga ujanja wake: Dominiko, mpwa wa jirani yangu Scholastika, na Benedikto, mdogo wake Fransisko. Jumatatu wafungwa wangepelekwa mbele ya Kilosa kukata njia ya reli. Wengi waliokwenda huko tulirudishiwa habari zao tu. Nililia, sifichi. Kisha nikaacha kulia nikakasirika, maana hasira walau huniamsha mapema.

Ijumaa Akida Salehe alipanda kwetu. Huyu ndiye aliyekuwa jicho la Wadachi huku milimani, mtu wa pwani, kanzu nyeupe hata kwenye matope. Nilimwamkia vizuri, nikamwomba anifikishe kwa Bwana Shauri, mkubwa wa boma, nikamwombee mume wangu.

"Wiki hii usimsogelee, Pili," akasema. "Amepata simu ya maafa. Kwao Ulaya mto umefurika, umebeba mji. Nyumba ya mama yake imekwenda na maji. Mama mwenyewe mzima, lakini analala kanisani kama mkimbizi. Bwana hali, hanyoi ndevu, anapiga meza tu."

"Na nani amekwenda kumpa pole?"

Akida akanitazama kama nimemuuliza nani amekwenda kumpa pole chui. "Mdachi apewe pole na nani?"

Neno hilo lilinikaa. Jioni tukakutana kwa Scholastika, nikawaambia watu kwamba Jumapili nashuka bomani kupeleka msaada. Tupeleke nyasi za kuezekea, fito, kamba za migomba, na maharage ya kumtuliza mama wa watu njaa. Nyumba ikibomoka kwetu ndivyo tufanyavyo.

Fransisko alisimama kabisa. "Dada Pili, umerogwa? Wana meli, wana mizinga, wana reli. Kumsaidia tajiri ni kumwaga maji mtoni, na maji wenzetu wanayo ya kutosha. Wamemfunga mdogo wangu, halafu niwabebee nyasi?"

"Mwenzio akinyeshewa humuulizi ana nguo ngapi sandukuni," akajibu Scholastika. Yeye alibatizwa misheni, na maneno kama hayo huyatoa bila kutafuta. "Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri."

"Huo moyo mbona wao waliusahau kwao?"

Watu wakaguna kumuunga mkono. Nami nilimwona ana haki, jambo lililoniudhi zaidi. Nikamuuliza, "Wadachi walipokuja, tulipigana nao au hatukupigana?"

"Tuliwarushia mishale, wakaturushia risasi."

"Na sasa?"

"Sasa tumeacha."

"Watu waliopigana wakaacha, kwetu huitwaje?"

Scholastika alianza kucheka, akaziba mdomo kwa upande wa khanga. Ndivyo tulivyopata utani na Wangoni, na kila mtoto wa kwetu anajua mtani ana haki zipi kwenye msiba. Zaidi ya hapo sikusema, kwa sababu mpwa wa Akida alikuwa anapita pita hapo nje, na nyumba yangu ilikwisha kuponzwa na mdomo mara moja. Lakini Fransisko alikuwa amepandwa na hasira. Akasema mkono wake hautashika hata unyasi mmoja wa Mdachi, na wote wakaondoka naye. Tukabaki wanawake wawili.

Jumapili tulishuka na mizigo kichwani, kuku wangu akilalamika kwapani njia nzima. Langoni alikuwapo shaushi, mkubwa wa askari, Mnyamwezi mwenye tumbo. Nilipomwambia tumekuja msibani kwa mtani wetu Bwana Shauri, alicheka mpaka akalegeza mkanda. "Waluguru, leo mtanifukuzisha kazi," akasema, na lango akafungua.

Bwana Shauri alikuwa barazani, shati halina vifungo, ndevu zimechipuka. Akida Salehe alisimama nyuma yake. Uani, chini ya kibanda cha mabati, walikaa watu wetu watatu, wamefungwa shingo kwa shingo. Rehani aliponiona na kuku alifikiri nimemletea yeye, maskini.

"Nini hii?" Bwana akauliza.

"Nyasi, Bwana. Za kumwezekea mama."

Alizitazama kitambo. Kiswahili chake kilikuwa kigumu lakini kilinyooka. "Ujerumani ni nchi tajiri. Haiombi msaada wa Waluguru."

"Hata sisi hatukuwaomba, Bwana, na mlikuja mkasema mmekuja kutusaidia. Tulipokea."

Akida akakohoa. Shaushi akawa anachunguza buti zake. Nilijua nimepitiliza, lakini Bwana hakupiga meza. Alisema polepole, "Nyumba ya mama ina ghorofa mbili."

"Basi tutaongeza nyasi," akasema Scholastika.

Yule bwana akacheka. Kicheko kilimtoka kibaya, kama mlango uliokaa muda bila kufunguliwa, na kilipokwisha macho yake yalikuwa mekundu. Scholastika alipanda barazani bila kuitwa, akamshika mkono, akamwambia, "Pole, mwanangu. Nyumba hujengwa tena. Mama ndiye hajengwi." Bwana akageukia mlimani asionekane uso. Akasema wenzake Wazungu wa mjini walimpelekea kadi, na mmoja chupa ya divai. Kuja, hakuja mtu. Nilimwonea huruma, wallahi, na nikajikasirikia kwa kumwonea huruma na mume wangu yuko pale na chuma shingoni.

"Nifanye nini?" Bwana akamuuliza shaushi. "Desturi ni nini?"

Shaushi akasimama wima, akaeleza kwa sauti ya gwaride. Hawa wamekuja kama watani. Mtani huleta msaada, huchimba kaburi, huezeka nyumba. Naye humkejeli mfiwa, na mfiwa hana ruhusa ya kukasirika.

"Wanikejeli," akasema Bwana Shauri. "Nimekubali. Ni watani wangu."

Sikungoja niambiwe mara ya pili. Nikamwambia wao walijenga ukingoni wakidhani mto nao utaogopa kiboko. Nikamwambia mto wa kwao umefanya kazi kubwa zaidi asubuhi moja kuliko Waluguru wote kwenye pamba yake. Akacheka tena, safari hii vizuri, akaagiza tuletewe chai.

Tulipomaliza chai nikasimama. "Liko moja shaushi amelisahau, Bwana. Mtani haondoki mikono mitupu. Huchukua kitu kimoja uani kwa mfiwa, anachokipenda yeye."

Bwana akamtazama shaushi. Shaushi akatikisa kichwa kukubali, jasho likimtoka. Bwana akatupa jicho haraka kwenye baiskeli yake mpya iliyoegemea nguzo, halafu kwa jogoo wake wa kizungu. Akapumua. "Kimoja tu?"

"Kimoja kila mtani."

"Haya. Chukueni."

Nikaipita baiskeli. Nilisimama kidogo kwa yule jogoo, kumtia roho juu Bwana tu. Kisha nikaenda kibandani, nikamshika Rehani sikio.

Bwana aliinuka, kiti kikaanguka. "Huyo si kitu."

"Yuko uani kwako, Bwana, amefungwa kwa mnyororo wako. Kama ni kitu chako, mimi ni mtani, nimekichukua. Kama si kitu chako, unamfungia nini?"

Akida alikuwa anaomba dua chini chini. Bwana alinitazama mimi, akazitazama nyasi, akamtazama Scholastika, ambaye wakati huo alikwisha kumshika Dominiko mkono na kumpangusa vumbi usoni. Mwisho akamwambia shaushi alete ufunguo.

Chuma kikafunguliwa mara mbili. Benedikto akabaki peke yake na mnyororo mrefu mapajani. "Na mimi nani ananichukua?" akauliza. Aliuliza kwa adabu, kama mtu anayeulizia zamu yake.

Sasa hapa Mdachi yule alinishangaza. Alitazama langoni, akangoja, akauliza, "Yuko mtani mwingine?" Na ninaamini kama angeingia hata mlevi na konzi ya nyasi, ufunguo ungezunguka mara ya tatu. Lakini njia ilikuwa tupu. Tulimwachia Benedikto maharage yaliyobaki, tukapanda mlima, na Rehani hakupata kwangu hata neno moja tamu mpaka tulipofika nyumbani. Usiku ule niliwasimulia majirani yote ya bomani, hata ile nyumba ya ghorofa mbili.

Jumatatu, siku ya wafungwa kupelekwa relini, kabla jua halijapanda, nilisikia mtu anahema mlangoni. Alikuwa Fransisko. Kichwani alibeba mzigo wa nyasi mkubwa hata uso sikuuona, na nyuma yake walisimama wale wote walioondoka naye Ijumaa, kila mtu na mzigo wake.

"Dada Pili," akasema, "yule mama wa Bwana Shauri, nyumba yake si ulisema ina ghorofa mbili?"

Nikamwambia ndiyo, na nyasi zetu zilitosha ile ya chini tu, kwa hiyo akimbie.