Sheria ya Kufika Kabla ya Kuondoka

Mimi na mdogo wangu tumegombana kwa mengi, lakini ugomvi wa tundu moja kwenye sheria za mchezo wetu ulinitoa jasho. Yeye ni mwalimu wa fizikia, mimi nina duka la fotokopi. Kwa miaka minne, kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, tulikuwa tunakaa chumba cha nyuma cha duka langu, katikati ya maboksi ya karatasi, tukitunga mchezo. Mchezo wa mezani, wa kusimulia: kila mchezaji ana nahodha wake na meli yake ya angani, anatupa dadu, na msimamizi anamwambia kilichompata. Msimamizi ni mimi. Mdomo ninao, mtaa mzima unajua.

Hesabu zilikuwa zake. Nyota ziko mbali mno, alisema, na bila kuupita mwendo wa mwanga nahodha atazeekea njiani. Basi akabuni mruko. Unatupa dadu mbili, unajumlisha, na hiyo ndiyo miezi itakayokuwa imepita nyumbani ukifika. Ila meli ikiwa inakimbia kabla ya kuruka, unatoa mwendo wake kwenye ile jumla. Hata mimi niliyefeli hesabu nilielewa.

Fundi simu wa jirani, tuliyemwita atujaribie mchezo, ndiye aliyeliona tundu. Akaikimbiza meli mpaka mwendo tisa, akatupa dadu, akapata tano.

"Tano toa tisa, hasi nne!" akapiga kelele. "Jamani, nimefika miezi minne kabla sijaondoka!"

Tangu hapo hakushikika. Akipigwa vitani, anarudi kabla ya vita. Wenzake wakifa, anarudi kuwaonya. Kufikia Jumamosi ya tatu alikuwa anapiga miayo.

"Mchezo huu hauna utamu," akasema. "Humu hafi mtu."

Nilimtazama mdogo wangu. Alikuwa ameinama, anachonga penseli ambayo ilikwisha kuchongoka.

Ni hivi. Mwaka ulikuwa haujatimia tangu mtoto wake wa pekee afariki. Tulimwita Profesa, ana miaka tisa na maswali ya mzee wa sitini, na pumu tangu mchanga. Mama yake aliolewa kwingine, kwa hiyo akitoka shule alikuwa anakuja nyumbani kwangu. Siku hiyo baba yake alikuwa anasimamia mtihani, simu kaizima. Alipoiwasha, mambo yalikwisha kuharibika. Amejilaumu kwa ile simu mpaka amekonda, na mimi nimemwacha ajilaumu, Mungu anisamehe. Maana nilimwambia mdogo wangu kwamba Profesa aliondoka taratibu, kitandani, mimi nikiwa pembeni nimemshika mkono. Haikuwa hivyo.

Nilimwambia aliziba tundu, akakataa, wiki baada ya wiki. Nilijua anataka kurudi siku gani. Na akirudi, wa kumwambia alichokikuta ni mimi.

Mpiga chapa alikuwa anazitaka kurasa Jumatatu. Jumamosi ya mwisho tulikuwa wawili tu.

"Ziba," nikamwambia. "Mstari mmoja tu, tumalize."

"Niache, dada."

"Nikuache nini? Miaka minne ya kazi iende na maji kwa ubishi wako? We mtu una kichwa kigumu, ehe!"

"Nitaliziba. Nataka kulitumia mara moja kwanza."

Nikasingizia kuna mteja mbele. Hakukuwa na mteja, na yeye alijua. Akaweka meli mezani, ile ya kizibo cha chupa, akaikimbiza, akatupa dadu. Akatupa tena. Ilimchukua miruko minne kutimiza miezi kumi na moja nyuma, na kila mruko aliuandika pembeni kwa mwandiko wake wa ubaoni.

"Nahodha ameshuka," akasema. "Ni saa nane mchana. Anaingia nyumbani kwa dada yake. Mtoto yuko wapi?"

Katika mchezo wetu msimamizi anaruhusiwa kuficha mambo, kuchelewesha, hata kutisha watu. Lakini mchezaji akishafika mahali na kuuliza anaona nini, msimamizi hadanganyi. Sheria hiyo niliitaka mimi mwenyewe, nikaigombea. Ningeweza kuivunja. Nilifungua mdomo niivunje, nikashindwa. Nilikuwa nimechoka na ule uongo kuliko nilivyodhani.

"Yuko ukumbini," nikasema. "Sakafuni. Mlangoni pa chumba cha shangazi yake."

"Siyo kitandani."

"Kitandani shangazi alimlaza baadaye, kabla watu hawajaja."

Hakuinua uso. "Anafanya nini mlangoni?"

"Anagonga. Dawa yake ya kuvuta imo chumbani, kwenye mkoba wa shangazi."

"Na shangazi?"

"Amelala. Amefunga mlango kwa ndani ili watoto wa jirani wasimsumbue. Feni inapiga kelele."

Huko nje mtu alikuwa anaburuta meza.

"Aligonga muda gani?"

"Sijui, mdogo wangu. Nilikuwa nimelala."

Machozi yakanimwagika, nikayapangusa kwa kiganja kama mtoto. Nikachora ukumbi na ule mlango kwenye karatasi, nikaisukuma mbele yake.

"Vunja mlango," nikamwambia. "Ni teke moja tu. Sitaki dadu, sitaki hesabu, umeshafaulu. Nahodha ana nguvu. Mpe dawa yake, mchukue, ondokeni. Nakubali kila kitu, wewe sema tu."

Akaitazama ile meli. Mimi nilikuwa nimeng'ang'ania ukingo wa meza, namwomba kimoyomoyo aseme neno moja tu, avunje. Kisha akavuta karatasi akaandika: Jibu likishuka chini ya sifuri, meli haifiki.

"Hiyo ndiyo sheria," akasema. "Kaichape."

Akachukua koti lake akapita mbele ya mashine, akatoka. Nilimwita kwa jina lake la utotoni mpaka wapita njia wakageuka. Yeye hakugeuka.

Jumatatu asubuhi nilizipeleka kurasa kwa mpiga chapa. Aliusoma ule mstari, akasema umekaa vizuri.