Kibao cha Marehemu

Baba yake Injinia alikufa siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, mezani kwake, akiwa mzima wa afya na kalamu mkononi.

Alikuwa seremala. Fomu ya chama cha misaada ilikuwa imetandazwa mbele yake, juu ya meza aliyoichonga mwenyewe, na swali la nne liliuliza kama baba wa mwombaji yu hai au ni marehemu. Chama kilisomesha yatima ng'ambo, si wengine. Mwanawe, aliyeshika namba moja shuleni miaka mitatu mfululizo, alikaa upande wa pili akiuma kucha. Seremala alilisoma swali mara mbili, kama mtu anayekagua ubao kabla ya kuununua, kisha akatia alama ya vema kwenye "marehemu".

"We mwanamume, unajichulia!" mkewe alipiga kelele kutoka jikoni.

"Sijichulii. Nimekufa kwenye karatasi tu. Tumbo halina habari, chakula bado nitakula."

"Na wakija kukuona?"

"Watoke ng'ambo waje kunitazama mimi? Nina nini?"

Chini yake palikuwa na swali jingine: sababu ya kifo. Kijana akauliza aandike nini. Baba yake alifikiri kidogo, akakuna kidevu.

"Andika: ghafla."

Enzi hizo hakuna aliyedai cheti. Barua ya mwalimu mkuu ilitosha, na mwalimu mkuu alikuwa mtu wa huruma nyingi na macho mafupi. Miezi sita baadaye kijana alipanda ndege. Baba yake hakwenda kumsindikiza, kwa sababu mtu wa chama alikuwa uwanjani na orodha.

Huko alikokwenda, chama kilimpa mlezi, mama mmoja mjane asiye na mtoto, aliyemlipia karo na vitabu. Kijana alimwita Mama Mfadhili. Hakuwa mtu mbaya, na ni haki hilo lisemwe mapema. Alichotaka ni barua moja kila mwisho wa mwaka, na ndani ya barua kumbukumbu moja ya marehemu. Kijana akawa anaandika. Kwamba baba alikuwa akinusa ubao kabla ya kuukata. Kwamba alikuwa akiimba ovyo na kupiga randa vizuri. Yote yalikuwa kweli, ila alikuwa ameyahamishia kaburini. Mama Mfadhili alilia aliposoma, na kila mwaka akatuma kadi kwa mjane wa marehemu. Kadi ilikuwa na picha ya mshumaa. Seremala ndiye aliyeifungua.

"Mama watoto, njoo uone," alikuwa akiita. "Leo nimeombewa tena."

Mwaka wa tatu mkewe akafa kweli. Ilikuwa wiki ya mitihani, na tiketi za kurudi nyumbani zilitoka kwa chama, na chama hakikuona tena mtu wa kurudiwa. "Sasa huna mtu duniani," Mama Mfadhili alimwambia kijana, akamkumbatia, akamtayarishia chumba nyumbani kwake. Kijana alilia begani mwake, na kilio kilikuwa cha kweli. Siku hiyo hiyo seremala alikuwa akipigilia jeneza la mkewe peke yake, maana hakutaka mkono wa fundi mwingine uliguse.

Neno la Mama Mfadhili ndilo lililompatia kazi kwenye mitambo ya maji. Alianza chini, akisoma mita na kuandika namba kwenye daftari. Alipanda pole pole, hadi pampu nane kubwa za mji ule zikawa chini yake. Alikuwa akiweka kiganja juu ya pampu inayozunguka, akafumba macho, akasema beringi ipi haitamaliza mwezi. Hakukosea. Akapewa uraia. Kila mwaka picha yake ilitoka kwenye kitabu cha chama, na chini yake maneno: yatima aliyesimama. Kila mwaka alisema, mwakani nitamwambia Mama ukweli. Mwakani ikawa miaka thelathini na mmoja.

Hakuwa mchoyo. Fadhila alizozipata zilimkaa moyoni, akataka kuzirudisha. Akajenga karakana kwenye shule yake ya zamani, yenye jiriwa kumi na mbili na mashine ya kutobolea chuma. Akaanzisha na mfuko wa kusomesha mtoto mmoja kila mwaka. Masharti ya mfuko aliyanakili kutoka kwa yale yaliyomlea, neno kwa neno, kwa sababu ndiyo aliyoyajua na kwa sababu Mama Mfadhili alifurahi. Sharti moja tu aliliongeza mwenyewe: cheti cha kifo cha baba, chenye muhuri. Katibu wa mfuko alimsifu kwa umakini. Anayelijua tundu la panya ndiye anayejua pa kuweka saruji.

Injinia alifika nyumbani siku mbili kabla ya ufunguzi wa karakana. Akamkuta baba yake ndani ya karakana, amejaa vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi, akimalizia benchi la mwisho. Katibu, ambaye alikuwa mgeni pale mjini, alimpa kazi akimjua kama fundi mzee wa mtaani tu. Watu wa mtaa walijua zaidi, wakanyamaza. Karakana ni ya watoto wao.

"Baba, keshokutwa Mama Mfadhili atakuwepo."

"Nimesikia. Koti nimeshalifua."

"Nilikuwa nafikiri... Utakaa mbele kabisa, kiti cha kwanza. Ila kama baba mdogo."

Seremala aliendelea kupiga randa. Maranda yalijikunja, yakaanguka juu ya viatu vya Injinia.

"Mdogo wa nani?"

"Mdogo wa baba."

"Wa marehemu."

"Ndiyo."

"Kumbe uzeeni nimepata kaka." Alipuliza ubao, akaupitishia kiganja, vile vile kama mwanawe alivyofanya juu ya pampu. "Mtu mwenyewe alikuwaje? Nisije nikaulizwa nikababaika."

Injinia akatazama chini.

"Usinune, natania. Nimekaa kaburini miaka thelathini na mmoja, siku moja ya kuwa mdogo wangu ndiyo itanishinda?"

Asubuhi ya ufunguzi Katibu aliweka meza karibu na lango, apokee fomu za mwisho za waombaji. Injinia alipowasili na Mama Mfadhili, aliyetembea kwa fimbo sasa, alikuta watu wawili wamesimama mbele ya meza ile na hawataki kuondoka. Mmoja alikuwa fundi bomba aliyeumia mgongo, ambaye alisimama ameinama upande mmoja. Mwingine alikuwa binti yake. Seremala naye alikuwa pale, ndani ya koti lake, ameegemea nguzo kama mtu anayetazama mpira.

"Nimeshaeleza, bwana," Katibu alikuwa akisema. "Mfuko ni wa yatima."

"Nimesikia. Lakini soma na hizo alama zake."

"Nimezisoma. Wilaya nzima hakuna aliyemfikia. Tatizo si yeye. Tatizo ni wewe."

"Mimi nimefanya nini?"

"Upo."

Seremala akacheka kwa sauti. "Unasikia, fundi? Kosa lako ni kupumua. Binti, ulijaza nini kwenye swali la nne?"

"Nilijaza ukweli, babu," binti akasema. "Hai."

"Basi umemponza baba yako. Sasa ataishi."

Katibu alisimama alipomwona Injinia. "Mheshimiwa, afadhali umekuja. Masharti ni yako. Ukisema tufute neno, nafuta hapa hapa, kalamu ninayo."

Mama Mfadhili akauliza kwa lugha yake kuna nini. Wote wakamgeukia Injinia, maana kati yao ni yeye na Katibu tu walioijua lugha ile.

Lilikuwa jambo la neno moja. Lakini nyuma ya neno hilo palikuwa na swali, kwa nini sharti lililowafaa yatima miaka yote lifutwe leo, na nyuma ya swali palikuwa na mzee mwenye koti lililofuliwa. Injinia aliuona mlolongo wote, kama alivyozoea kuona bomba likipasuka hapa na maji yakitokea kule. Akamtazama baba yake. Baba yake alikuwa ameacha kucheka. Alimtazama mwanawe kwa utulivu, bila kumsukuma, kama alivyokuwa akimtazama zamani akifanya hesabu ambayo yeye mwenyewe hakuijua.

"Hakuna tatizo, Mama," Injinia akasema kwa lugha ile. "Wamekosa sifa moja." Akamgeukia Katibu. "Sharti ni sharti."

Fundi bomba alikunja fomu mara nne, akaitia mfukoni mwa shati. Binti alisema, "Asanteni," na hilo ndilo lililomchoma Injinia siku nzima.

Pazia dogo lilivutwa, kibao cha shaba kikaonekana ukutani: karakana hii ni kumbukumbu ya marehemu seremala, baba mwema, na mwaka wa kuzaliwa, na mwaka wa kufa. Watu wakapiga makofi. Mama Mfadhili akapangusa macho, kisha akaomba jambo ambalo halikuwa kwenye ratiba. Alitaka kumsikia huyu mdogo wa marehemu. Injinia atatafsiri.

Seremala akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Marehemu namfahamu vizuri," alianza. "Hakuugua hata siku moja."

Injinia akatafsiri: marehemu alikuwa mtu mwenye afya.

"Aliketi mezani akaona mtoto ana akili ndefu na baba ana mkono mfupi. Akaona kimoja kati ya hivyo viwili lazima kiondoke. Akafa."

"Anasema alifariki ghafla."

Watu wa mtaa walikuwa wametazama chini, kila mmoja viatu vyake.

"Kufa hakukumuuma. Kilichomuuma ni siku alipomzika mkewe, akatafuta mtu wa kushika upande wa pili wa jeneza."

Injinia alifungua mdomo. Mama Mfadhili alimsubiri, mkono sikioni. Katibu alimtupia jicho Injinia, akaliinamisha tena kwenye karatasi zake, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake. Kimya kilikuwa kirefu kiasi cha kutosha mtu kusema maneno matatu: huyu ndiye baba. Seremala alimpa kimya hicho chote, hakukigusa.

"Anasema," Injinia akamaliza, "familia inakushukuru sana."

Mama Mfadhili akainuka na fimbo yake, akaushika mkono wa seremala kwa mikono yake miwili. "Unafanana naye," alisema, na Injinia akatafsiri. "Kwa barua nilizosoma, unafanana naye kabisa."

"Mwambie tulikuwa tumbo moja," seremala akajibu.

Watu walipokwenda kunywa chai, seremala alibaki mbele ya kibao, amekaza jicho moja.

"Kimekaa upande," akasema. "Injinia mzima huoni? Lete bisibisi."

"Acha, Baba. Kesho watarekebisha."

"Lete. Na pimamaji, iko chini ya benchi."

Injinia akaleta. Alishikilia pimamaji juu ya kibao, na baba yake akalegeza skrubu mbili, akasukuma shaba kwa kidole gumba, akatazama kiputo kikisogea ndani ya kioo mpaka kikatulia katikati. Alikaza skrubu. Kisha akasoma ile miaka miwili na kupiga hesabu taratibu.

"Arobaini na tatu," akasema. "Nilikufa kijana. Sikumwona mwanangu akiwa mtu."

Akafuta shaba kwa mkono wa koti, akatoka.

Injinia alirudi kwenye pampu zake. Mwaka uliofuata Katibu alimtumia bahasha yenye majina ya mwisho, atie saini. La kwanza lilikuwa la yule binti. Safari hii fomu haikuwa na dosari. Barua ya shule ilikuwepo. Cheti kilikuwepo, na muhuri uliofifia kama uliochongwa kwenye kiazi. Swali la nne: marehemu. Chini yake, sababu ya kifo, palikuwa na neno moja, na mwandiko haukuwa wa binti wa shule. Herufi zilisimama wima, kubwa, zimeachiana nafasi sawa, kama za mtu anayeandika vipimo juu ya ubao.

Ghafla.

Aliitazama karatasi mpaka chai yake ikapoa. Kisha akatia saini, na kwenye barua ya mfuko, ambayo huanza kwa kumpa pole mfiwa, akatia saini pia. Wiki tatu baadaye akapiga simu nyumbani.

"Yule binti amepita, Baba."

"Nimesikia. Ameshaanza kufungasha."

"Na baba yake?"

"Yupo hapa, ananishikia ubao. Mgongo bado, lakini mikono anayo." Upande wa pili msumeno ulisikika, ukanyamaza. "Anasumbuka kidogo. Jana ilifika barua yako ya pole, akaisoma, akakosa usingizi. Nimemwambia avumilie. Mwaka wa kwanza ndio mgumu."