Taa Iliyokuwa Inaingilia

Saa nne asubuhi Lukmani, fundi umeme wa Mugumu, alisimamisha ngazi katikati ya jiko la Marwa kule Genkuru. Akaitazama taa iliyoning'inia kwa waya, akauliza ina ubaya gani, mbona inawaka vizuri tu.

"Inaingilia," Marwa akasema.

Robi, mkewe, alikuwa anachambua mchicha kwa mkono wa kushoto. Hakubisha, maana kweli ilikuwa inaingilia. Marwa akiinua fimbo yake ya kuchungia ng'ombe ampige, taa ilishuka na waya wake, ikasogea mpaka ilipo fimbo, ikalipokea pigo yenyewe. Bakuli lake la bati lilikuwa limebonyea kuliko sufuria ya shule. Ilichelewa mara moja tu, wiki iliyopita, waya ulipokwama kwenye msumari wa chujio. Ndipo mkono wa kulia wa Robi ulipovunjika.

"Ziko nyingi za namna hiyo," Lukmani akasema. "Mugumu kuna feni ilimkimbiza mwenye nyumba mpaka stendi."

"Dawa yake?"

"Taa za kuzama. Tunatoboa dari, taa inaingia humo, springi zinaibana huku na huku. Itaona kila kitu, lakini haitoki."

"Hizo hizo, mura. Weka sita."

"Fundi," Robi akasema, "iache hata hii moja, hapo pembeni."

"Mama, mimi natoboa ninapoonyeshwa," Lukmani akajibu, akapanda ngazi.

Mpaka alasiri dari lilikuwa laini kama sahani. Vumbi la jipsamu lilishuka lote kwenye mchicha. Marwa akaitupa taa ya zamani uani. Mama yake, bibi Modesta, anayekaa kibanda cha nyuma, akaiokota, akaifuta kwa kanga.

"Na wewe ulikuwa wapi enzi za baba yake?" akaiuliza. Akaifunga kwa kamba ya katani kwenye boriti ya kibanda, ambamo umeme haujafika.

Jioni Marwa alionja mboga, akatema.

"Umenipikia chokaa."

Akasimama, akachukua fimbo. Mwanga ulikuwa mzuri, hakukosea hata mara moja. Pigo la kwanza lilimpata Robi begani, la pili mbavuni, la tatu mdomoni, na jino likateleza sakafuni mpaka chini ya kabati. Juu yao taa zote sita zilijivuta, zikatetemeka, jipsamu ikafanya nyufa, unga ukamwagikia Marwa kichwani. Springi zikashika. Lukmani ni fundi kweli.

Kule nyuma taa ya zamani ililala hewani kuelekea mlangoni, kamba ikakaza, ikaishia kizingitini. Bibi Modesta alitoka akapima kwa miguu yake. Kutoka hapo mpaka jikoni ni hatua thelathini.

Asubuhi Marwa akaja kumwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nataka kamba."

"Ya nini?"

"Ya mbuzi."

Mbuzi hana, na Marwa anajua hana. Lakini ni mtoto anayempenda mama yake, akamletea mita mbili. Tangu hapo kila siku ya mnada humletea mita mbili, na bibi huziunga kwa fundo.

Fimbo bado inaning'inia nyuma ya mlango wa jiko. Taa sasa inafika kwenye jiwe la kunolea panga, pale uani. Robi akipita hapo na ndoo kichwani, husimama kidogo, akapima kwa macho hatua zilizobaki.