Uso Niliouvaa Kanivali

Yolette alirudi Jacmel wiki mbili kabla ya kanivali, eti kuutembelea mji aliouacha miaka kumi na miwili iliyopita alipokwenda zake Montreal. Alikuwa na ufukwe wa kutembelea, na soko, na maghorofa ya kale ya wafanyabiashara wa kahawa. Akaanzia kwetu. Kabla yangu alikuwa mchumba wa mume wangu, Délius, na wivu ulinipanda hata kabla hajavuka kizingiti.

"Karibu, dada," nikasema. "Umenenepa."

"Asante, shoga. Na wewe umekonda. Huyu hakulishi?"

Délius akacheka. Siku hizi kwangu hacheki hivyo.

Kibarazani tulikuwa tumeanika vinyago vya karatasi vya mwaka huu, gundi yake ya muhogo bado mbichi. Katikati kilikuwepo changu, mwanamke wa mashavu ya juu, ambacho Délius hunitengenezea kila mwaka kwa kubandika karatasi juu ya kalibu ileile ya udongo aliyoifinyanga mwenyewe. Aliniambia ule ni uso wangu, nami nikamwamini.

Jirani yetu Selya akaja kumsalimu mgeni. Akamtazama, akakitazama kinyago, akamtazama tena.

"Jamani, Yolette," akasema, "kumbe ni wewe tunayekuona kila kanivali."

Yolette akatabasamu, na kinyago kikawa kama kimetabasamu naye. Miaka kumi na mmoja nimecheza barabarani, mji mzima ukinitazama, nimevaa uso wa mwenzangu.

Wanasema mwenye wivu ajinyonge. Mimi sikujinyonga. Mgeni alipoondoka niliibeba ile kalibu nikaitumbukiza kwenye pipa la maji. Udongo wake haukuwa umechomwa, ukalegea wote.

"Ulinidanganya," nikamwambia Délius.

"Mikono ndiyo iliyouzoea uso wake, Rosemène. Hata sikuona."

"Basi leo uone. Kaa hapo, unifinyange mimi."

Nikaketi mlangoni penye mwanga. Akaukanda udongo, akanitazama, akashusha macho, akanitazama tena. Sikumbuki lini alinitazama muda mrefu hivyo, na hasira ikaanza kunitoka bila ruhusa yangu.

Kisha akasogea, akanigusa kidevu kwa kidole chenye tope.

"Hili baka," akauliza kwa upole kabisa, "limekutoka lini?"

"Nimezaliwa nalo," nikamjibu.