Meneja Aliyekula kwa Roselyne

Mzazi akiona gari la mkubwa wa kazi limeingia bomani kwake, kwanza aulize limefuata nini, ndipo ashike kisu cha kuku. Roselyne hakuuliza.

Ilikuwa Jumapili, mwezi wa nane mwaka wa 2006, huko Tongaren. Mwenye gari alikuwa Bwana Wakhungu, meneja wa uwanja wa mbio wa mtu binafsi nje kidogo ya Kitale. Ivy, binti wa pekee wa Roselyne, alikuwa akitembeza wageni hapo. Watoto wa shule na watalii walikuja kuona wakimbiaji na chumba cha medali, na Ivy aliwaeleza kila kitu, akipanda na kushuka ngazi za jukwaa kutwa nzima. Alilipwa kwa kila kikundi alichotembeza. Siku wageni wasipokuja, alikaa pale tangu saa moja asubuhi, akarudi chumbani kwake Kipsongo mikono mitupu. Na sasa alikuwa na mimba changa.

Waongozaji walikuwa kumi na mmoja. Sita walikuwa wamejiunga na chama cha wafanyakazi, Ivy mmoja wao, wakipangwa na mwenzao Gathoni, ambaye hakuwa wa kabila lao. Walitaka mshahara wa mwezi, kadi ya hospitali, na likizo ya uzazi yenye malipo. Chama kikipita nusu ya watu, mwajiri hana budi kukaa nacho mezani, na sita walikuwa wamepita. Hayo Ivy alimweleza mamake mara mbili. Roselyne aliitikia tu, kwa sababu hofu yake ilikuwa moja: binti akifukuzwa na hiyo mimba, mtoto atalelewa na nini?

Wakhungu akakaribishwa mezani. Roselyne akamwekea firigisi, ambayo hapo nyumbani hakuwa amewekewa mwanamume yeyote tangu mumewe azikwe. Kwao firigisi ni ya mwenye nyumba, ama ya mgeni ambaye huwezi tena kumkatalia neno. Wakhungu, mtu wa Myanga na wa kabila lao, alilijua hilo. Akaitafuna polepole.

"Sasa mama, mimi ni mzazi mwenzako," akasema. "Huyo Gathoni anapanga watoto wetu na mambo ya chama, kwani ni wa kwetu? Mambo yakiharibika atarudi kwa watu wake. Ivy ndiye atabaki na tumbo."

"Umejua aje mambo ya tumbo?"

"Si niko na macho? Atoke kwa hiyo chama, na mimi mwenyewe nitampea likizo. Karatasi ya nini, kati ya watu wa nyumba moja?"

Kumbe karatasi alikuwa nayo mfukoni: barua ya kujitoa chamani, imebaki sahihi ya Ivy tu.

Jumatatu asubuhi Roselyne alifika kwenye lango la uwanja na ile barua. Ivy akaisoma, akamrudishia.

"Mama, huyu mtu alikulisha nini?"

"Mimi ndiye nilimlisha."

"Basi amekula bure."

Roselyne akaketi chini palepale langoni, akavua kitambaa cha kichwa, waongozaji wote wakitazama, na watoto wa shule wamepanga laini. "Usipoweka sahihi, hiyo mimba usiniletee nyumbani. Sina binti."

Gathoni akasogea. "Mama, huyu akitoka tunabaki watano. Unaelewa hiyo?"

"Wewe nenda ukasumbue mama yako."

Ivy akaegemeza karatasi ukutani, akaandika jina lake, akaingia ndani bila kugeuka.

Wiki mbili baadaye uwanja ukakijibu chama: hamjafika nusu, hakuna mazungumzo. Mwezi wa kumi, tumbo likionekana, Ivy akaambiwa asirudi kazini. Ati wageni hawataki mtu anayehema kwenye ngazi.

Roselyne akaenda ofisini. Wakhungu hakumpa kiti.

"Baba, ulikula kwangu. Ulikula hata firigisi."

"Na ilikuwa tamu."

"Ulisema utampa likizo."

"Wapi? Nionyeshe karatasi."

Alipotoka alimkuta Gathoni langoni, akamshika mkono. "Mwanangu, ambia chama kimsaidie Ivy."

"Kilikuwa kimsaidie. Alijitoa, na sahihi ni yake." Gathoni akautoa mkono wake. "Jana meneja alienda Myanga, kwa mamake mwenzetu Khisa. Tutabaki wanne."

"Mwambie huyo mama asimfungulie."

"Mwambie wewe. Mimi si wa kwenu."

Kipsongo, alimkuta Ivy akifunga sufuria ndani ya shuka. Roselyne akataka kukaa.

"Usikalie hicho kiti, nimekiuza. Mwenyewe anakuja kukichukua."

"Twende nyumbani, Ivy."

"Ulisema huna binti."

"Basi unahamia wapi?"

Ivy akakaza fundo la shuka kwa meno. "Sikwambii, mama. Ukijua, utamwambia meneja."