Nyumbani Nani Anakohoa?

Kidoti alikuwa binti wa fundi cherehani, na kila gauni aliloshonewa na mama yake lilizidi kumpwaya. Majirani walisema ni meno, wengine minyoo. Mama yake hakumwamini yeyote, na daktari ndiyo kabisa.

"Mlimpitisha mpira puani mkamtoa majimaji ya tumbo," alimwambia, Kidoti kamlalia begani. "Majibu yakasema hana kitu. Leo unataka kumpa dawa za kifua kikuu miezi sita? Mwanangu si wa kujaribiwa dawa."

"Mtoto mdogo vijidudu vyake huwa vichache, mama. Kipimo huweza kuvikosa." Daktari aliinua picha ya kifua kwenye mwanga. "Lakini picha hii, homa zisizokwisha, na huku kukonda... Nyumbani nani anakohoa?"

"Hakuna."

Jibu lilimtoka upesi, kisha akaanza kulitilia shaka. Mumewe, seremala, alikuwa amehamia kulala sebuleni, akisingizia joto. Kila mara alitoka kwenda uani, na mashati yake yalilowa jasho. Mke alishaamua moyoni kuwa kuna mwanamke. Aliyanusa yale mashati akitafuta marashi ya mtu, asiyapate.

Alimbeba mtoto mgongoni, akaenda moja kwa moja karakana. Hodi hakupiga. Nyuma ya rundo la mbao alimsikia mumewe akikohoa kama anayetaka kuyatapika mapafu. Kitambaa mkononi mwake kilikuwa na damu.

"Vumbi la mbao tu hili, mke wangu."

"Na uani je? Huko nako unaranda mbao?"

Mume akainamisha kichwa. "Niliogopa. Mtu wa kifua nani atampa kazi? Nikaona nikihama chumba nitawaepusha."

"Na jioni zote unampakata nani?"

Kesho yake makohozi yake yalipimwa, yakajibu kwa niaba yake: kifua kikuu. Mke naye akapimwa, akaonekana mzima.

Kidoti alianzishiwa vidonge vya kuyeyusha kwenye maji, vyenye ladha ya matunda. Wiki chache baadaye akaangua kilio akidai chakula. Mama yake aliacha cherehani, akacheka mpaka machozi. Akamshukuru daktari, ingawa kwa nusu mdomo.

Ila kwa mumewe hakulegeza kamba. Kila asubuhi, hata amwone akimeza vidonge vyake, humwambia:

"Fungua mdomo. Inua ulimi."

"Hata mimi huniamini?"

"Wewe hasa."